Jembe la usukani limekuwa gumu, lakini halikati kona tena

Swali:

"Nina karakana ya kuchomelea Dar es Salaam. Kuna mkandarasi anayepitisha nyaya za faiba chini ya barabara kwa mashine ndogo ya kuchimba tundu la kulala. Lile bapa la mbele lililokatwa mshazari, sisi tunaliita jembe, lilikuwa linaisha baada ya mita 80 hivi kwenye mchanga na vipande vya matumbawe vya huku pwani. Nikamtengenezea mengine mawili kwa springi ya lori na kuyajaza uso mzima kwa vijiti vigumu vya kromi, tabaka tatu. La kwanza lilivunjika siku ya pili, kando kabisa ya mstari wa kuchomelea. La pili halijavunjika na bado ni nene, lakini opereta anasema halikati kona: anasukuma rodi (bomba la kuchimbia) nzima na kichwa hakipandi. Halafu uso niliojaza una nyufa ndogo ndogo nyingi. Ninunue vijiti vya tungisteni, au kosa langu liko wapi? Mkandarasi ameshaanza kunitazama vibaya."

Jibu:

Ndugu fundi, pole. Hapo una matatizo matatu uliyoyafunga mzigo mmoja. Jembe la kwanza lilivunjika kwa sababu yake, la pili linakataa kona kwa sababu nyingine kabisa, na zile nyufa zinazokukosesha usingizi huenda si tatizo hata kidogo. Ukinunua vijiti vya tungisteni leo ukaendelea kujaza uso mzima, utapata jembe la gharama kubwa zaidi ambalo nalo halitakata kona.

Nianze na kona, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe ya chombo. Rodi zikizunguka huku zinasukumwa, mshazari wa jembe unatazama kila upande kwa zamu, na kichwa kinakwenda moja kwa moja. Opereta akisimamisha mzunguko akasukuma tu, udongo unaukandamiza mshazari na kukipeleka kichwa upande wa pili. Mshazari ukitazama chini, kichwa kinapanda. Ukitazama kushoto, kinakwenda kulia. Sondi, yaani kifaa cha kurusha mawimbi kilichomo ndani ya ganda la chuma nyuma ya jembe, ndiyo inayomwambia mtu wa juu mwenye kipokezi kichwa kiko kina gani, kimeinuka asilimia ngapi, na kimeelekea namba gani ya saa.

Hiyo namba ya saa, waulize wanaitajaje. Kipokezi kikionyesha 3 maana yake kulia. Nimewahi kusimama barabarani nikimsikia mwenye kipokezi akipaza sauti "saa tatu!" na opereta, Mswahili safi, akapeleka jembe kule mkono mfupi wa saa unakokaa saa tatu asubuhi, yaani kwenye 9. Wakasukuma rodi mbili kuelekea kushoto kabla hawajashtuka, na lawama zote zikaangukia jembe. Waseme "namba tatu". Kabla hujakubali kwamba kosa ni lako, hakikisha hilo kwanza.

Sasa, ili kichwa kigeuke kinahitaji vitu vitatu: mshazari mpana wa kutosha kuegemewa na udongo, ncha nyembamba ya kupenya badala ya kusukuma udongo mbele, na jembe pana kuliko ganda linalolifuata, ili tundu liwe na nafasi ya ganda kuinama. Vyote vitatu ni mambo ya umbo. Wewe umeweka tabaka tatu, na kwa vijiti vya kawaida kila tabaka ni karibu mm 3. Ncha iliyokuwa kama patasi sasa imeongezwa unene wa karibu mm 9 na kuviringika mbele. Umemtengenezea opereta rungu. Ndiyo maana "bado ni nene" na papo hapo halina faida: linakwenda mbele kwa kuusindilia udongo, na udongo uliosindiliwa haulipi jembe upande wowote wa kugeukia.

Ukitaka kujua ugumu uwekwe wapi, chukua penseli tupige hesabu. Tuseme jembe lina upana wa mm 100, linazunguka mara 100 kwa dakika na kuchimba mita 1 kwa dakika. Kona ya nje ya jembe inasafiri kama mm 314 kila mzunguko. Kwa mita 80 mizunguko ni 8,000, kwa hiyo ile kona imeburuzwa kwenye mchanga zaidi ya km 2.5, ilhali tundu lenyewe ni la kuvuka barabara na kurudi. Sehemu iliyo nusu ya njia kutoka katikati imeburuzwa nusu ya hapo, na katikati penyewe karibu hapaendi popote. Chukua jembe lolote lililochoka uliweke mezani: katikati utakuta alama za kiwandani bado zinasomeka, kumbe kona zimeviringika kama sabuni ya kuogea.

Na kona zikiisha, hasara haiishii kwenye jembe. Kama ganda lina kipenyo cha mm 75, jembe la mm 100 linaacha nafasi ya mm 12.5 kila upande. Zikiliwa mm 5 kila kona, imebaki mm 7.5. Tope la kuchimbia, lile linalotoka kwenye pua ya jembe na kubeba vipande vya udongo, halipati njia ya kurudi, ganda linaanza kusugua ukuta wa tundu, mashine inahema, sondi inapata joto, na ganda, ambalo bei yake inazidi majembe mengi, linaanza kuliwa. Kwa hiyo unapojiuliza jembe limeisha lini, usipime unene. Pima upana kwa kalipa. Mimi jembe la mm 100 likifika 90 nalitoa, hata kama linaonekana zima.

Kuhusu ugumu, kuna dhana moja lazima niiondoe: kwamba kila ukipanda ngazi ya ugumu jembe linadumu zaidi kwa kiwango kilekile. Sivyo. Kinachokula jembe lako ni kwatsi, zile chembe zinazometa kwenye mchanga. Kwa kipimo cha Vickers kwatsi ina kama 1,100. Chuma laini cha dukani ni kama 150, springi ya lori 400 na ushee. Zote mbili ziko chini ya kwatsi, zote zinakwaruzwa, kwa hiyo kutoka chuma laini kwenda springi ulipata faida, lakini si ile uliyoitarajia. Faida kubwa inakuja pale uso wa chuma unapobeba chembe zinazoishinda kwatsi yenyewe: kabidi ya kromi iko kwenye 1,500 na zaidi, ya tungisteni inavuka 2,000. Matumbawe unayoyalaumu ni chokaa, na chokaa ni laini kuliko hata chuma chako. Yenyewe hayakwaruzi. Kazi yake ni kugonga: jembe linatoka kwenye mchanga mlaini, linakutana na bonge, linapigwa. Kwa hiyo udongo wako unataka uso mgumu juu ya mwili usiovunjika kirahisi, na hapo ndipo springi inapokuangusha.

Springi ya lori ina kaboni kama asilimia 0.6, mara tatu ya chuma laini au zaidi. Ukiichomelea ikiwa ya baridi, ule ukanda mwembamba ulio kando ya mchomo unapata joto kali kisha unapoa ghafla kwa sababu chuma kilichouzunguka kinanyonya joto, na unageuka mgumu kama kioo. Jembe lako lilivunjika "kando kabisa ya mstari wa kuchomelea", yaani hapohapo. Ongeza hewa yetu ya pwani: vijiti vilivyokaa kwenye boksi wazi wiki mbili vimekunywa unyevu, unyevu unaingiza haidrojeni kwenye mchomo, na haidrojeni inapasua chuma kigumu polepole, saa kadhaa au hata siku baada ya wewe kwenda kulala. Ndiyo maana jembe lilitoka karakana likiwa zima na likafa siku ya pili. Kama huamini, chukua grinda, gusa springi kisha gusa nondo ya kawaida. Cheche za springi zinapasuka kama maua mengi madogo, za nondo ni mistari mirefu mitupu. Jaribio hilo la sekunde kumi lifanye kwa kila chuma usichokijua asili yake kabla hujakiwekea moto.

Zile nyufa ndogo zinazokatiza mstari wa kijiti cha kromi kila baada ya sentimita moja au mbili ni tabia ya vijiti hivyo. Uso ule hauwezi kunyumbuka, kwa hiyo unapopoa unajipumzisha kwa kupasuka. Zikibaki ndani ya tabaka gumu, ziache. Hatari ni mbili: zikizama hadi kwenye mwili wa jembe, jambo ambalo kwenye springi ni rahisi mno, na ukizidisha tabaka, maana zaidi ya mbili huanza kubanduka kama magamba. Nyufa zinazokwenda sambamba na mstari, au pembeni mwake, hizo usizisamehe.

Kama ni mimi, ningefanya hivi. Springi ningeiweka kando. Mwili wa jembe ningeukata kwenye bamba la kuzuia kuchakaa la ugumu wa Brinell 400, lile la kuvalisha bodi za tipa za machimboni. Vipande hupatikana kwa wanaotengeneza bodi za tipa. Linachomeleka vizuri kuliko springi. Ila lina sharti lake: likipashwa kupita nyuzi 250 hivi linaanza kurudi kuwa laini, kwa hiyo lipashe kidogo tu kuondoa ubaridi na unyevu, choma mistari mifupi, pumzisha. Kabla ya yote, chukua jembe jipya la kiwandani ambalo halijagusa udongo, chora umbo lake kwenye bati: upana, pembe ya mshazari, unene wa ncha. Bati hilo litundike ukutani, na kila jembe linalotoka lipite hapo.

Kisha usijaze juu ya uso. Chimba. Kwenye kila kona ya nje kata kipande cha kina cha mm 4 hivi, halafu ujaze hapo kwa kijiti kigumu mpaka usawa wa mwanzo. Kwa njia hiyo ugumu umeingia ndani ya umbo, haujalipanda. Fanya vivyo hivyo kwenye ubavu wa nje, ule unaosugua ukuta wa tundu. Watu wengi wanausahau kwa kuwa hauonekani ukiwa umesimama mbele ya jembe, na ndio unaotunza upana. Kwenye ncha weka mstari mmoja, upande mmoja tu. Panya ana gamba gumu mbele ya meno, nyuma ni laini. Ule ulaini ukiliwa, gamba linabaki limechongoka. Ncha ya jembe nayo itajinoa hivyo hivyo, lakini ukiivalisha pande zote mbili itaviringika.

Uso wa mshazari uachie mistari michache iliyoachana, inayokatiza njia ya mchanga. Jembe likizunguka mchanga unapita kwa ubavu, kwa hiyo mistari iende kwa urefu wa jembe. Mchanga utajisindilia katikati ya mistari na kuanza kujisugua wenyewe kwa wenyewe badala ya kusugua chuma chako. Usizibe tundu la pua ya maji, na vichwa vya bolti vichomelee kinga mbele yake. Bolti zenyewe usiziguse kwa moto. Umeme wa mashine uweke chini kadiri mchomo unavyokubali: ukiwa mkali, tabaka la kwanza linachanganyika na chuma cha chini hata theluthi nzima, na ugumu ulioulipia unayeyukia huko.

Sasa tungisteni. Mahali pake ni kwenye zile kona, na hapo nakubaliana nawe. Lakini kabidi ya tungisteni haifanyi kazi kwa kuyeyushwa. Chembe zake zinatakiwa zibaki nzima ndani ya chuma, kama kokoto kwenye zege. Ukichoma kwa moto mkali zinayeyukia kwenye chuma, unapata kitu kigumu kinachovunjika kama biskuti, na pesa imeondoka. Njia ninayoipenda kwa karakana ndogo ni vipande vya kabidi vilivyolehemiwa kwa lehemu ya fedha, kwa mtungi wa gesi, kwenye nyuzi 650 hadi 700 hivi. Kabidi hutanuka karibu nusu tu ya chuma, kwa hiyo vikipoa haraka chuma kinajivuta na kabidi inapasuka. Acha pengo jembamba la lehemu, kama unene wa karatasi, kisha lifukie jembe kwenye majivu makavu au chokaa kavu lipoe usiku kucha. Wala usilichovye majini kwa sababu mteja anasubiri. Anza na michomo ya umeme, ulehemu mwisho, la sivyo umeme utaiyeyusha lehemu yako.

Sitakuficha hasara yake: joto la kulehemu linalainisha bamba kuzunguka kipande. Naikubali kwa sababu kabidi ndiyo inayopokea msuguano, ila kwenye udongo wenye mabonge mengi ya matumbawe vipande vilivyochomoza vinang'oka. Vizamishe, visitokeze zaidi ya milimita moja au mbili. Na mapafu yako: moshi wa vijiti vya kromi una kromi ya aina inayosababisha saratani, na baadhi ya lehemu za fedha za zamani zina kadimiamu, ambayo moshi wake unaweza kuua kwa kazi ya siku moja. Soma boksi, kataa yenye kadimiamu, na kazi hii ifanyie penye upepo ukiwa na barakoa ya kichujio. Kitambaa puani si kinga.

Nusu ya maisha ya jembe hata hivyo haiko mikononi mwako, na hili mweleze mkandarasi mkiwa mmekaa. Rudi kwenye hesabu: opereta akizungusha mara 50 badala ya 100 kwa mwendo uleule wa mita 1 kwa dakika, zile km 2.5 zinakuwa 1.25. Hajanunua kitu. Kuzungusha kasi huku kichwa hakiendi mbele ni sawa na kulishikia jembe kwenye jiwe la kunolea.

Tope nalo. Waulize wanachota maji wapi. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi na chokaa, na bentonaiti, ule unga wa udongo wa kutengenezea tope, haivimbi vizuri kwenye maji hayo. Inabaki kama vumbi kwenye chai. Tope jepesi haliwezi kubeba mchanga, mchanga unalala chini ya tundu na jembe linausaga upya kila mzunguko. Watie kwanza magadi ya kiwandani, yale meupe yaliyosafishwa, mpaka kipimo cha pH kisome kati ya 8.5 na 9.5, ndipo waweke bentonaiti. Magadi ya kulainishia maharage yana chumvi na mchanga wake, hayafai. Wawe na faneli ya Marsh, ya kupimia wepesi wa tope: maji matupu hupita kwa sekunde 26 kwa kwata moja (karibu lita moja), na kwa mchanga wenu nisingekubali tope linalopita chini ya sekunde 45. Kiasi chake, tundu la mm 100 linatoa karibu lita 24 za udongo kwa rodi ya mita 3. Wakipeleka tope chini ya lita 70 kwa rodi hiyo wanakuonea wewe.

Kuna mahali jembe halifai hata ulivalishe almasi. Mkandarasi akipata kazi Mwanza au Dodoma kwenye mwamba wa granaiti, usipokee oda ya majembe. Mwamba hausukumiki, na kona haikatwi kwa kusukuma. Pale wanahitaji kichwa cha meno ya kabidi kinachochonga nusu duara, au mota inayozungushwa na tope yenye kiungo kilichopinda, jamaa wa ile inayogeuza visima vya mvuke kule Olkaria, Kenya. Mwambie mapema, ataudhika leo lakini atarudi kwako na kazi nyingine.

Na kuna mahali wewe usiguse. Ganda la sondi na nyuzi za skrubu za kuungia rodi usivichomelee, hata wakubembeleze. Ganda lina mipasuo iliyozibwa kwa gundi ngumu ili mawimbi ya sondi yatoke. Joto lako litaiunguza, na chuma chake ni cha aina inayopasuka bila kupashwa moto ipasavyo. Nyuzi zikikatika chini ya barabara, kichwa, ganda na sondi vyote vinabaki huko. Ukiona ufa kwenye ganda, au jembe likivunjika tena hata baada ya kubadili bamba, vipeleke vipande vyote viwili bila kuvisaga wala kuvisafisha kwenye maabara ya vifaa, TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapime ugumu kando ya mchomo. Uso wa mvunjiko unaeleza mengi, lakini ukishapitishwa grinda hausemi tena.

La mwisho ni la haraka kuliko yote: lile jembe nene lililoko kwenye mashine sasa hivi, mwambie mkandarasi alitoe leo. Kichwa kisichotii usukani kikiwa mita moja na nusu chini ya barabara ya mjini, jirani zake ni nyaya za umeme, mabomba ya maji, na mitaa mingine sasa ina bomba la gesi. Mpe lile la zamani la kiwandani lililochoka kona, umkatie na kumjazia kona mbili hizo wakati unatafuta bamba. Ni kazi ya nusu siku. Pima upana kabla halijatoka karakana, andika, na ulipime tena likirudi.